Kompyuta ya duka imezeeka: Kuongeza memori au kubadili mazabodi?

MSIMU wa kupanda ukikaribia katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, foleni huanza mapema kwenye maduka ya pembejeo. Mkulima aliyetoka kijijini kwa pikipiki anataka mbegu, mbolea na risiti yake, kisha arudi kabla mvua haijamkuta njiani. Mara nyingine kinachomchelewesha si uhaba wa mbolea. Ni kompyuta iliyoko mezani, ambayo ikibonyezwa hukaa kimya kana kwamba haikusikia.

Chukua mfano wa mama mwenye duka la pembejeo Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile ya kwenda Mbeya. Kompyuta yake ni ya mezani, aliinunua ikiwa imetumika, toleo la mwaka 2012 hivi. Ina prosesa ya Core i3, memori ya GB 4, hadidiski ya GB 500 na programu ya Windows 10. Humo ndimo zilimo ankara, orodha ya bidhaa na, kubwa kuliko yote, majina ya wakulima waliokopa na kiasi wanachodaiwa.

Mama huyo amewaita mafundi wawili. Wa kwanza ameangalia kwa dakika kumi na kusema: "Mama, hii ongeza memori tu, utaona mwenyewe." Wa pili ametikisa kichwa: "Memori ni kupoteza hela, mama. Mashine imezeeka hii, dawa yake ni mazabodi mpya." Wa kwanza anataka fedha kidogo, wa pili anataka mara nne ya hizo. Wote wawili wanaongea kwa uhakika.

Kwa mwenye duka dogo hili ni suala la mtaji kabla ya kuwa la ufundi. Fedha itakayoingia ndani ya kompyuta mwezi Oktoba ndiyo ileile ambayo ingenunua mzigo wa Novemba. Akikosea, atakuwa na mashine iliyo polepole kama zamani na rafu zenye nafasi wazi.

Kila kifaa na kazi yake

Ili kuamua vizuri ni lazima kwanza kujua kila kifaa kinafanya nini. Memori, ambayo mafundi wengi huiita RAM, ni kama meza ya karani. Kila faili linalofanyiwa kazi lazima liwe juu ya meza. Hadidiski ni kabati lililo nyuma ya chumba, ambamo mafaili yote hulala hata umeme ukizimwa. Prosesa ndiye karani mwenyewe. Mazabodi ni chumba na sakafu ambavyo vyote hivyo vimesimama juu yake. Ndiyo inayoamua meza ya ukubwa gani itaingia na karani wa aina gani anaweza kufanya kazi humo.

Meza ikijaa, karani hulazimika kurudisha faili moja kabatini ili apate nafasi ya jingine, na baada ya dakika kulifuata tena. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Memori ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye hadidiski. Tatizo ni kwamba hadidiski ya kuzunguka ni nzito mno ikilinganishwa na memori. Memori hujibu ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde ambayo huhesabiwa kwa mabilioni, wakati hadidiski huhesabiwa kwa maelfu. Ndiyo maana taa ya hadidiski huwaka bila kupumzika na kipanya kikaganda.

Pipa lenye ubao mfupi

Wakulima waliopata mafunzo ya udongo wanaijua kanuni iliyoenezwa na mwanakemia wa Ujerumani Justus von Liebig katika karne ya 19. Kanuni hiyo inasema kwamba mavuno huwekewa mpaka na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Hueleweka kwa mfano wa pipa lililotengenezwa kwa mbao za urefu tofauti. Maji hayawezi kupanda zaidi ya ubao ulio mfupi, hata mbao nyingine zikirefushwa kiasi gani.

Mahindi yaliyonjano kwa kukosa naitrojeni hayaponi kwa kuongezewa fosfati. Mkulima atatumia fedha, atatoa jasho, na mahindi yatabaki manjano. Kompyuta nayo iko hivyo. Aliyepungukiwa memori akinunua mazabodi, au aliyechoshwa na hadidiski akaongeza memori, amerefusha ubao ambao haukuwa mfupi.

Kwa hiyo swali la "memori au mazabodi" halijibiwi kwa umri wa mashine wala kwa ukali wa sauti ya fundi. Hujibiwa kwa kutafuta ubao mfupi.

Pima kabla ya kununua

Kipimo hicho hakigharimu kitu. Kwenye Windows 10, mtumiaji hubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha la Task Manager hufunguka. Katika ukurasa wa Performance kuna michoro ya prosesa, memori na diski, kila mmoja na asilimia yake. Muhimu ni kupima wakati wa kazi halisi, programu ya mauzo ikiwa wazi, kivinjari kikiwa wazi na printa ikichapa. Kupima asubuhi kabla duka halijafunguliwa ni sawa na kupima maziwa kabla ya kukamua.

Majibu yanayopatikana husomeka hivi.

Memori ikikaa juu ya asilimia 85 au 90 na diski nayo ikawa karibu na 100, meza imejaa na karani anakimbia kabatini. Dawa ya kwanza ni memori.

Memori ikiwa nusu tu lakini diski iko 100, hasa dakika za mwanzo baada ya kuwasha, kabati ndilo tatizo. Dawa ni kubadili hadidiski na kuweka SSD, diski isiyozunguka ambayo husoma kwa haraka zaidi.

Memori na diski zikiwa tulivu lakini prosesa imekwama kwenye 100, kwanza isafishwe vumbi na ikaguliwe kama kuna virusi. Duka la mbolea na nafaka lina vumbi jingi, na prosesa iliyopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ikibaki hivyo baada ya usafi, hapo mazungumzo ya prosesa na mazabodi yana msingi.

Zote tatu zikiwa tulivu lakini kurasa za mtandao hazifunguki, basi tatizo ni intaneti, na hakuna kifaa cha ndani kitakacholiondoa.

Mashine ikijizima au kujiwasha upya bila sababu, lifunguliwe boksi. Kopo ndogo za umeme zilizosimama juu ya mazabodi zikiwa zimevimba au kuvuja, mazabodi inaelekea mwisho. Lakini pawa saplai mbovu nayo huleta dalili zinazofanana, hivyo ijaribiwe kwanza. Saa inayorudi nyuma kila umeme unapozimwa si ugonjwa wa mazabodi. Ni betri ndogo ya CR2032, yenye umbo la sarafu, iliyokwisha, na bei yake ni ndogo.

Kwa mama wa Makambako, kipimo kimeonyesha memori asilimia 92, diski 100 na prosesa 20. Karani wake hana shida. Meza ni ndogo na kabati ni zito.

Memori ni rahisi, lakini ina mitego

Kuongeza memori ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi wamenunua kipande kisichoingia au kisichosomeka. Yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni aina. Kompyuta za mezani za mwaka 2012 hivi hutumia DDR3, yenye pini 240. DDR4, iliyoanza kuingia sokoni mwaka 2014, ina pini 288 na mkato wake uko mahali tofauti. Moja haiingii kwenye sloti ya nyingine, na anayelazimisha huvunja. Memori za laptopu nazo ni fupi na hazifai kwenye mashine za mezani za kawaida.

La pili ni mpaka wa mazabodi. Nyingi za rika hilo zina sloti mbili au nne. Zile zenye chipu ya H61, kwa mfano, hupokea hadi GB 16. Za zamani zaidi zenye chipu ya G41 huishia GB 8. Task Manager yenyewe huonyesha sloti zilizotumika na zilizobaki.

La tatu ni Windows. Ikiwa ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Ni lazima kwanza ibadilishwe kuwa ya biti 64. Kukosa kuliangalia jambo hili humfanya mtu aamini kuwa memori aliyouziwa ni mbovu.

La nne ni memori ya bei ya kutupa. Baadhi huwa zimetolewa kwenye seva, na hizo hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida za ofisini. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa za AMD tu. Ni vyema kununua kwa muuzaji anayekubali kuijaribu mbele ya mteja na kuirudisha ikikataa. Fundi mwaminifu hukubali hata kuazimisha kipande kwa siku moja ya kazi. Foleni ikipungua siku hiyo, jibu limepatikana kabla ya malipo.

Mazabodi hainunuliwi peke yake

Kosa kubwa katika hesabu za mazabodi ni kuitazama kama kifaa kimoja. Aliyewahi kubadili injini ya trekta kwa kuweka ya aina nyingine anajua kilichofuata: giaboksi haikukubali, mabano yakachomelewa upya, rejeta ikabadilishwa.

Mazabodi mpya ya kizazi cha karibuni haipokei prosesa ya zamani, kwa sababu soketi ni tofauti. Inataka prosesa yake. Haipokei DDR3, hivyo inataka DDR4 au DDR5. Kompyuta nyingi za ofisini zilizokuja zikiwa zimetumika, za majina makubwa, zina boksi na pawa saplai zenye umbo la kiwanda chao, na mazabodi ya kawaida haikai ndani yake. Hapo boksi na pawa saplai navyo huongezeka kwenye orodha. Juu ya hayo, leseni ya Windows iliyokuja na mashine kwa kawaida imefungwa kwenye mazabodi ya awali. Ikibadilishwa, leseni inaweza kukataa.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya memori mpya ilipanda sana duniani. Kampuni chache zinazoongoza utengenezaji wake, Samsung, SK Hynix na Micron, zilielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya memori za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Wakulima wanaielewa hali hiyo: kiwanda kikubwa kikichukua mahindi yote ya wilaya, anayenunua debe moja sokoni ndiye anayeumia. Anayebadili mazabodi kwenda kizazi kipya analazimika kuingia kwenye soko hilo. Anayeongeza kipande cha DDR3 kilichotumika yuko kwenye soko la vifaa vya zamani.

Hesabu ya mama wa Makambako

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kila mfanyabiashara aweke za mjini kwake, au za Kariakoo pamoja na nauli ya mzigo.

Njia ya kwanza ni kuongeza kipande kimoja cha DDR3 cha GB 4 ili memori ifike GB 8, kwa Sh30,000. SSD ya GB 240 kwa Sh90,000. Na ufundi Sh30,000. Jumla ni Sh150,000.

Njia ya pili ni mazabodi Sh200,000, prosesa Sh180,000, memori ya DDR4 ya GB 8 Sh120,000, pawa saplai Sh50,000 na ufundi Sh50,000. Jumla ni Sh600,000. Hapa hadidiski ni ileile ya zamani. Yaani baada ya kutumia laki sita, karani mpya bado anafungua kabati lilelile zito.

Sasa upande wa faida. Tuseme wakati wa msimu duka linahudumia wateja 40 kwa siku, na kila mmoja anacheleweshwa dakika tatu na kompyuta. Hizo ni dakika 120, au saa mbili kila siku. Tuseme pia kwamba wateja wawili huchoka wakaenda duka la jirani, kila mmoja na faida ya Sh3,500. Duka linapoteza Sh7,000 kwa siku.

Njia ya kwanza ikiondoa hasara hiyo, Sh150,000 hurudi ndani ya siku 22. Njia ya pili, hata ikiwa na uwezo uleule wa kuondoa foleni, huhitaji siku 86. Ikiwa kipindi cha moto cha mauzo ni siku 60, fedha ya njia ya pili haitakuwa imerudi msimu ukiisha.

Hesabu haiishii hapo. Tofauti ya njia hizo mbili ni Sh450,000. Zikiwekwa kwenye mzigo wenye faida ya asilimia tano, na mzigo huo ukizunguka mara tatu ndani ya msimu, zinaleta Sh67,500. Hiyo ni gharama ya mazabodi ambayo haiandikwi kwenye risiti ya fundi.

Na kama njia ya kwanza isipotosha? SSD itahamia kwenye mashine itakayofuata. Kitakachobaki bila kazi ni kipande cha memori cha Sh30,000 na ufundi. Mkulima anayejaribu mbegu mpya kwenye robo eka kabla ya kuipanda shamba zima hufuata busara hiyo hiyo.

Wakati ambapo memori si jibu

Hata hivyo, fundi wa pili hakuwa mjinga. Kuna jambo moja ambalo memori haiwezi kulitibu, nalo ni umri wa mfumo.

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Watumiaji binafsi walipewa nafasi ya kujiandikisha ili waendelee kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai memori isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Mashine ya 2012 haimo, hata ikijazwa memori hadi juu.

Hili si jambo dogo kwa duka la pembejeo. Tangu msimu wa 2022/23, ruzuku ya mbolea ilipoanza kuendeshwa kwa mfumo wa kidijitali chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, biashara hii imezidi kufungamana na mtandao. Mashine isiyopata masasisho ya usalama haifai kwa miamala ya benki wala kwa kutunza nywila. Wenye matumizi mepesi wanaweza kuweka Linux Mint, ambayo haina malipo, lakini kwanza wahakikishe programu yao ya mauzo inakubali kufanya kazi humo.

Mazabodi, basi, huwa na hoja pale ya zamani inapokufa, sloti zinapofika kikomo, prosesa inapoelemewa muda wote, au mfumo ambao biashara haiwezi kuukwepa unapoikataa mashine. Hata hapo isinunuliwe kabla ya kuuliza bei ya kompyuta nzima iliyotumika, ya kizazi cha nane au zaidi, yenye memori ya GB 8 na SSD. Mara nyingi gharama ya mazabodi na wafuasi wake hukaribia bei hiyo, na mashine nzima huja na boksi na pawa saplai vinavyopatana, na mara nyingi leseni yake. Ile ya zamani hubaki kuwa ya akiba siku mpya ikiharibika.

Kwa mama wa Makambako, ushauri unaopatana na vipimo vyake ni huu: aongeze memori na SSD sasa, avuke msimu, kisha kila mwezi atenge fedha ya mashine nyingine. Ikiwa lengo ni Sh650,000 kwa miezi 18, ni takriban Sh36,000 kwa mwezi. Miamala ya benki aifanye kwenye simu inayopata masasisho. Kompyuta ibaki na ankara na stoo.

Jambo la mwisho ndilo linalopaswa kufanywa la kwanza. Kabla fundi yeyote hajashika bisibisi, orodha ya madeni na ankara zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja ibaki dukani na nyingine iende nyumbani. Memori hununuliwa tena, na mazabodi hununuliwa tena. Orodha ya wakulima 100 waliochukua mbolea kwa mkopo, ikipotea mwezi Desemba, hakuna duka Kariakoo linaloiuza.